Mbweha Wanne wa Maman Béa

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Msicheke. Daktari wa mapafu alinieleza kwa upole kwamba mwili wangu umekataa manyoya: ya mbweha, ya mbwa, ya paka, ya chochote chenye mkia na meno. Nikamuuliza kama ana uhakika. Akanionyesha mkono wangu, ulivyovimba kila mahali alipochoma kipimo. Nikamuuliza kama kipimo chenyewe hakiwezi kukosea. Akavua miwani.

"Madame," akasema, "chagua. Mbweha au kupumua."

Nikaomba muda wa kufikiri.

Basi nawaandikia ninyi wawili mnaokuja kukalia viti vya maabara yetu ya magonjwa ya wanyama pori hapa Brussels. Vyeo na mishahara nitaviruka. Cheo changu mmekirithi na mtagundua wenyewe kwamba kirefu ni jina lake tu. Nitawaeleza kazi, kwa sababu kazi ilikuwa tamu kupita kiasi, na ninavyoandika haya najikuta nacheka peke yangu ndani ya tramu.

Nilikuja kutoka Morogoro. Huko darasani tulifundishwa kwamba virusi vya distempa, homa ile ya mbwa, viliwahi kutoka kwa mbwa wa vijijini na kuwaangusha simba. Wenzangu waliandika. Mimi nilinyoosha mkono: nani alimwona mbwa na simba wakikutana? Walikutana wapi? Simba alimpiga busu? Mwalimu akaniambia nikae. Nilikaa, lakini swali lilibaki limesimama, na ndilo lililonileta Ulaya, mahali ambapo hakuna simba lakini wapo wanyama wala nyama wadogo wa kutosha kumtia mtu wazimu.

Siku ya kwanza alikuja kunichukua Saidi, dereva wetu, mtu wa Buyenzi kule Bujumbura, aliyekimbilia hapa zamani kama mkimbizi na sasa anaijua kila barabara ambako mnyama amewahi kugongwa. Alisimamisha gari mbele ya nyumba yangu Saint-Gilles, akashusha kioo.

"Dada, wewe ndiye daktari mpya?"

"Ndiyo."

"Karibu sana. Usikalie hicho kiti cha mbele, kuna mteja."

Mteja alikuwa mnyama aliyekufa, mnene, wa kijivu, mwenye uso wa mistari, amefungwa ndani ya mfuko unaoonyesha ndani, na juu ya mfuko amefungwa mkanda wa usalama. Wafaransa humwita *blaireau*. Sisi kwa Kiswahili hatuna jina lake, tukakubaliana kumwita nyegere wa Ulaya. Nikamuuliza Saidi kwa nini amemfunga mkanda.

"Nisipomfunga, gari linapiga kelele njia nzima. Linadhani ni mtu."

Nikapanda nyuma, katikati ya mbweha wawili. Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini, na sijawahi kuingia mahali popote kwa furaha kama ile.

Maabara ilikuwa chini ya Maman Lieve. Ni Mflamandi aliyezaliwa Lubumbashi, enzi ambazo mji ule ulikuwa na jina jingine, na Kiswahili chake alikiokota jikoni kwao kabla hajajua vizuri lugha ya mama yake. Alinitazama kutoka juu hadi kwenye buti.

"Weye njo ule wa Tanzania? Bon. Kiswahili yako ni ya kitabu. Tutaitengeneza."

Kisha akanifundisha desturi yake, ambayo nawaomba msiiache hata atakapoondoka. Mzoga ukishalazwa mezani, hakuna anayegusa kisu. Kila aliyepo, hata kama ni fundi wa mabomba amepita kurekebisha bomba, anasema kitu kimoja asichokijua kuhusu mnyama yule. Siku ile Saidi alisema: "Sijui kama alikuwa ameoa." Maman Lieve alisema: "Sijue kama alikufa pale ao alitembea akiwa mugonjwa." Zamu yangu ilipofika nilianza: sijui umri, sijui alikula nini, sijui kwa nini kucha hii ni fupi, sijui kama ugonjwa huu ni wake au...

"Moja!" akapiga kelele Maman Lieve. "Kintu moja! Tutakula chakula ya midi leo ao kesho?"

Tangu siku hiyo nikaitwa Mademoiselle Kwanini, na jina likaandikwa mpaka kwenye kikombe changu cha chai. Kikombe nimekiacha. Kitumieni, ila kioshwe vizuri. Sina hakika na historia yake.

Maneno machache kuhusu vifaa. Andikeni kwenye mifuko kwa penseli. Wino ukiingia kwenye friza hufutika, na mtabaki na mizoga isiyo na jina inayowatazama. Vijiti vya pamba vya kuchukulia ute wa macho na pua visikae karibu na dirisha. Na glavu mbadilishe kati ya mnyama na mnyama, kila mara, bila uvivu, la sivyo mkono wenu ndio utakaokuwa njia ya virusi, na mtaandika ripoti nzuri sana kuhusu mikono yenu wenyewe.

Sasa swali langu la Morogoro. Distempa hupita kwa pumzi na kamasi, na ikikaa nje kwenye jua haidumu. Maana yake wanyama wawili lazima wakaribiane sana, pua kwa pua au chumba kimoja. Sasa mbweha, nyegere na yule mnyama mwembamba wa darini anayeitwa fuini, ambaye ni ndugu wa kicheche, wanakutana wapi? Hawapendani. Hawawindi pamoja. Kwenye vitabu vyangu palikuwa na mshale kutoka picha ya mnyama mmoja kwenda picha ya mwingine, na mimi mishale siiamini.

Tukafunga kamera kwenye shimo kubwa la nyegere ndani ya msitu wa Soignes, upande wa Auderghem. Jioni nyegere alitoka mlango mkubwa. Baada yake, kwenye mlango wa pembeni wa shimo hilohilo, akatoka mbweha jike na watoto wake. Kisha akaja fuini, akachungulia milango yote miwili, akaingia mmoja kama mtu anayetafuta chenji aliyoisahau. Nilipiga kelele hadi Saidi akadhani nimejikata.

Mnielewe. Wakati ule nilikuwa nakaa kwenye nyumba ya zamani karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi, iliyokatwakatwa vyumba: bibi Mreno chini, wanafunzi katikati, familia ya Kimoroko nyuma, mimi juu. Hatukuwa tunaalikana hata chai. Lakini mafua ya mtoto wa nyuma yakianza mwanzo wa wiki, kabla ya mwisho wa wiki yalikuwa kwangu. Ngazi ni moja. Kitasa ni kimoja. Nikamwambia Maman Lieve: hawa hawahitaji kupendana, wanahitaji kupanga nyumba moja tu!

"Njo kwako kabisa," akasema huku akifuta machozi ya kucheka. "Nyegere ndiye propriétaire, mwenye nyumba."

Huo ulikuwa utangulizi. Kesi yenyewe ilikuja majira ya kuchipua yaliyofuata.

Kwanza tuliletewa nyegere aliyekufa kando ya msitu, Auderghem. Kisha fuini, kutoka gereji ya mtu. Kisha mbweha aliyekuwa akitembea mchana kweupe kwenye kituo cha basi, hamwogopi mtu, macho yana usaha na nyayo zimekuwa ngumu kama ganda. Wote watatu walikuwa na distempa. Na mtaa mzima wa Auderghem ukaamua, bila maabara, kwamba mkosaji ni mbweha. Nikauliza kwa nini. Kwa sababu watu wanamwona mbweha! Nyegere anafia chini ya ardhi, hakuna anayempiga picha. Mpangilio wa kuwaokota maiti si mpangilio wa wao kufa. Hilo liandikeni ukutani.

Hapo ndipo watu walipomkumbuka Maman Béa.

Maman Béa ni mama wa Bukavu anayehudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na anakaa Auderghem, nyumba ya mwisho kabla ya miti. Alikuwa mlezi wa kujitolea wa kituo kimoja cha wanyama pori: wao walimpa ruhusa na vizimba, yeye alilea yatima nyuma ya jikoni lake. Mwaka ule alikuwa na mbweha wanne ambao mama yao aligongwa na gari. Aliwapa majina ya siku kwa Kifaransa, Jumatatu hadi Alhamisi: Lundi, Mardi, Mercredi na Jeudi. Akienda Chaussée de Wavre kununua vichwa vya kuku, wenye maduka wa Matonge, mtaa wa Wakongo, walimtania: "Maman Béa, wajukuu wanasemaje?" Naye aliwajibu: "Banasema munauza kuku ya zamani."

Mardi alikuwa akipiga chafya. Mkaguzi wa afya ya wanyama, kijana mwenye adabu na kazi yake, alichukua ute wa pua ya Mardi. Kipimo kikasema: virusi vya distempa vipo. Basi hesabu ilionekana imeisha. Mbweha wagonjwa, nyumba kando ya msitu, nyegere amekufa hatua chache kutoka uani. Mkaguzi akaamua kwamba wote wanne wachomwe sindano ya mwisho Ijumaa, ili kulinda mbwa wa mtaa na wanyama wa msituni. Alituomba sisi tuthibitishe tu.

"Lundi, Mardi, Mercredi, Jeudi," Saidi akahesabu tukiwa garini. "Halafu Vendredi wanakufa. Huyo mama naye, angewapa majina mengine."

Sikucheka. Baadaye nilicheka, mnisamehe.

Tulimkuta Maman Béa jikoni anapika sombe, kisamvu chetu. Mbweha walikuwa wamelala rundo moja nyuma ya wavu, masikio manane. Mimi nilianza kazi yangu, yaani kuuliza. Wanakula nini? Nani anawagusa? Majani ya kulalia yanatoka wapi? Kuna mnyama mwingine anayeingia hapa? Alijibu yote bila kugeuka, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kulisha wazee wanaomtukana.

"Na wao, wamewahi kutoka nje?"

"Hapana."

"Hata siku moja?"

"Mademoiselle, nilisema hapana."

"Hata kwa gari?"

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Saidi akanikanyaga mguu, maana alimwonea huruma. Nikasubiri. Kuuliza ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kufunga mdomo, na hiyo ndiyo iliyonishinda miaka yote isipokuwa siku ile.

"Kwa bisi," akasema. "Ndani ya kapo ya marché."

"Mlienda wapi kwa basi na hicho kikapu cha soko, maman?"

"Kwa docteur."

"Docteur gani?"

"Ya mbwa."

Ikatoka yote. Aliposikia kwamba kuna nyegere amekufa karibu, alipatwa na hofu. Kituo kilikuwa na daktari wake, lakini daktari yule alikuwa na foleni, na walezi wamekatazwa kabisa kumchoma mnyama sindano yoyote bila yeye. Kwa hiyo aliwatia wale wanne kikapuni, akawafunika kitenge, akaenda kwa daktari wa mbwa wa mtaa wa pili, akaomba chanjo ya distempa.

"Na hakuuliza kitu?" nikasema.

"Aliuliza! Aliangalia, akaangalia tena, akaniuliza: Madame, hii ni mbwa ya aina gani? Nikamwambia: docteur, ni mbwa ya Congo."

Saidi akatoka nje. Tulimsikia akipiga ukuta wa nyumba kwa kiganja.

"Ni kweli iko mbwa ya Congo!" Maman Béa akaendelea, sasa amegeuka, mwiko mkononi. "Ni nyekundu, masikio inasimama, haibweke. Docteur akafungua kitabu yake, akaona photo, akasema: ah oui. Miye nilifanya uongo gani? Nilisema tu ya Congo. Bazazi bao siwajue."

Sasa elezeni mnavyotaka, lakini mimi nilihisi sakafu inainuka. Kwa sababu chanjo ile ya mbwa ni virusi hai, vimedhoofishwa tu. Ukimchanja mnyama leo, kwa siku kadhaa ute wake unaweza kuonyesha virusi bila yeye kuumwa. Kipimo cha mkaguzi hakikukosea; kiliulizwa swali dogo. Kiliulizwa kama virusi vipo. Hakikuulizwa ni virusi vya nani.

"Maman," nikasema, "hii inabidi tuiandike. Na kituo watajua."

Alizima jiko. Alikaa. Aliwatazama wale wanne nyuma ya wavu.

"Nikisema, banakamata ruhusa yangu. Nikinyamaza, banaua batoto." Akavuta pumzi. "Bon. Andika. Andika na jina vizuri, isikuwe mutu mwingine anasifiwa."

Maabarani, Maman Lieve alisimamisha kazi zote. Tukaweka sampuli nne mezani: nyegere, fuini, mbweha wa kituo cha basi, na Mardi. Alishika desturi hata siku ile ya haraka. Saidi alisema hajui kama mbwa ya Congo anaweza kupewa pasipoti. Mimi nilisema sijui kama virusi vya Mardi ni vya chanjo au vya msituni. Maman Lieve akasema: "Miye sijue kama ule mama nitamupiga busu ao kofi."

Tulisoma kipande cha maandishi ya ndani ya virusi, yaani jeni, kile kinachotofautiana kati ya chanjo na ugonjwa wa porini. Nilimkalia fundi wa mashine shingoni mpaka akaniomba nikanunue mikate. Niliporudi, Maman Lieve alikuwa katikati ya chumba, glavu juu, anacheza rumba na hewa. Virusi vya Mardi vilikuwa vya chanjo. Wale watatu wengine walikuwa na virusi vya porini, vyote vya aina moja, kama watu wa ngazi moja. Watoto wa Maman Béa hawakuwa wamemwambukiza mtu. Walikuwa ndio wanyama pori pekee wa Auderghem waliokuwa na kinga!

Nilimpigia simu mkaguzi, nikamsimulia yote.

"Mbwa wa Congo?" akauliza.

"Ndiyo, monsieur."

"Na daktari mwenzangu akaamini?"

"Alitazama kitabu kwanza."

Nikamsikia anaweka simu mezani ili acheke mbali nayo. Aliporudi alikuwa na adabu yake yote. Sindano ya Ijumaa ikafutwa. Mbweha wangekaa karantini, wapimwe tena, na wakiwa safi waachiliwe vuli.

Mnaweza kuuliza sasa, na natumaini mtauliza: basi nani alianza? Nyegere, fuini au mbweha wa basi? Hatujui. Tuliandika hatujui, na Maman Lieve akapigia mstari. Na kwa nini Mardi alikuwa akipiga chafya? Labda vumbi la majani. Hatujui. Jambo jingine: kilichofanya kazi kwa mbweha wale kisiwadanganye. Wapo wala nyama wa porini ambao chanjo hai ya mbwa inaweza kuwaua yenyewe. Maman Béa alikuwa na bahati, na alilijua hilo tulipomweleza.

Kituo kilimnyang'anya ruhusa, kama alivyosema. Walimwachia awamalizie wale wanne tu, kwa sababu karantini tayari ilikuwa jikoni kwake na hakuna mwingine aliyeitaka.

Vuli ilipofika tuliwapeleka msituni, sisi watatu na Maman Béa. Wakati huo Mardi alikuwa mkubwa kuliko wote na alinuka kwa umbali mrefu. Tuliweka vizimba chini, milango ikitazama miti. Maman Béa aliweka kiti chake cha kukunja akakaa, akatugeuzia mgongo.

"Miye siangalie. Mufungue. Muniambie tu."

Maman Lieve akafungua. Lundi alitoka kama risasi. Mercredi na Jeudi wakamfuata wakigongana. Saidi akatangaza kila mmoja kama mtangazaji wa mpira, na Maman Béa akawa anahesabu kwa vidole bila kugeuka.

Mardi alibaki. Alitoa pua, akanusa majani, akatoka taratibu. Lakini badala ya kwenda msituni alizunguka, akapita kati ya miguu yangu na ya Saidi, akaenda kusimama mbele ya kile kiti.

"Weye!" Maman Béa akamfokea. "Unafanya nini hapa? Enda! Sina tena papier ya ruhusa ya kukulea! Enda kwenu! Toka!" Alikuwa anapiga makofi, analia na kucheka kwa pamoja, na kilemba kimemwangukia jicho moja. Mardi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka. Maman Béa akafunika uso kwa mikono miwili.

Mbweha alipita kando yetu, akaingia kwenye majani makavu, akasimama kunusa kisiki, akaendelea bila haraka yoyote, mpaka rangi yake na rangi ya majani ikawa kitu kimoja.

"Ameenda?"

"Ameenda, maman," nikasema.

"Alikimbia?"

Saidi alinitazama, kisha akajibu kwa sauti ya furaha kubwa: "Alikimbia, maman! Mbio kama mwizi! Hata hakugeuka!"

Maman Béa akaondoa mikono usoni, akaweka kilemba chake sawa.

"Muongo weye," akasema. "Nilisikia majani. Alitembea. Alitembea pole pole, kama mutu anaenda kazini."